Msalimie Mama

Kambini, Toscana
20 Februari 1949

Mdogo wangu Livio,

Tumefika, kama huko yupo aliyetaka kujua. Tulichukua siku nne kwa safari ambayo kwenye ramani haizidi urefu wa kidole. Mama hakusema neno mpaka tulipovuka mpaka, na alipofungua kinywa aliuliza swali: Livio alikula asubuhi ile? Nikamwambia mwokaji wa mikate hafi njaa.

Hukuja kutuaga. Mama alisimama uwanjani na vifurushi vyake akiutazama mlango wa chumba cha tanuri lako la mikate, hatua hamsini tu, na moshi ulikuwa unatoka, kwa hiyo ulikuwa ndani. Dereva wa lori alipiga honi mara tatu. Mimi ndiye niliyemvuta mkono.

Tumewekwa kwenye kambi ya zamani ya jeshi. Ukumbi mmoja, familia kumi na tisa, na kuta zetu ni mablanketi yaliyoanikwa kwenye waya. Mzee wa upande wa kulia akikohoa, ukuta wetu unatikisika. Watu wa mji huu wanatuita mafashisti, maana, wanasema, nani mwingine angeikimbia nchi ya wafanyakazi? Huko Istria tuliitwa maadui wa wananchi. Hapa tunaitwa hivyo hivyo, ila kwa Kiitaliano fasaha zaidi. Mimi nimeshona mashati miaka kumi na mitano, Livio. Sijui ni siku gani niligeuka adui.

Najua utasema nimekuibia mama. Istria ilipoondolewa Italia baada ya vita, nami nikaruhusiwa kuchagua uraia wa Italia, alichagua mwenyewe kufuatana nami, kwa sababu wewe una Chama na mimi sina mtu. Ni maneno yake, si yangu. Macho yake yamezidi kufifia, kusoma hawezi tena, kwa hiyo andika vizuri. Nitamsomea mimi.

Dada yako,
Nerina

*

Castelvento, Istria
13 Machi 1949

Dada Nerina,

Salamu kwako, na kwa mama salamu mara mbili. Nusu ya kwanza msomee yeye, ya pili ni yako.

Mama, nilikula. Na nilikuwa ndani, ni kweli. Mikono ilikuwa na unga mpaka viwikoni, na nilijua nikifungua ule mlango nitapanda lori. Ndiyo maana sikuufungua.

Sasa wewe, dada. Tulilala msituni miaka miwili ili mashamba ya mabwana yawe ya wanaoyalima. Yamekuwa. Halafu watu walewale waliokuwa wakiililia ardhi wanapakia vitanda kwenye malori. Nusu ya milango ya mtaa wetu imepigiliwa mbao. Nilikuwa naoka mikate mia tano, sasa naoka mia mbili, na unga wenyewe nusu ni mahindi. Unajua inavyochosha kujenga nyumba huku wenyewe wanatokea mlango wa nyuma?

Na mambo ya Chama nayo yamevurugika. Tangu mwaka jana wakubwa wetu walipokosana na Moscow, tunaambiwa tuzishushe picha zilezile za mkubwa wa Moscow tulizoambiwa tuzitundike. Niliuliza mkutanoni: jana alikuwa baba, leo ni mbwa mwitu, aliyebadilika ni yeye au ni sisi? Watu walicheka. Bruno Malusà, ambaye sasa ndiye mkuu wa tawi, hakucheka. Lakini Bruno na mimi tulijifunika blanketi moja msituni. Ananijua. Usiwe na wasiwasi.

Ndugu yako,
Livio

*

Kambini
22 Mei 1949

Livio,

Nilipofika pale pa "nitapanda lori", mama aliniambia nirudie. Nilirudia mara tatu. Mara ya nne nilikataa, nikaenda kuteka maji.

Sasa nisikilize vizuri. Kifua chake kimeharibika. Daktari anasema ni mapafu, na unyevu wa ukumbi huu utammaliza. Kuna hospitali ya kifua milimani, yenye jua na vitanda vya shuka, lakini karani wa hapa anataka cheti cha kuzaliwa chenye mhuri wa mji wake. Nikamwambia mji wake sasa uko nchi nyingine. Akasema basi nchi hiyo nyingine ndiyo itoe. Nikamleta mama mwenyewe mbele ya meza, nikasema huyu hapa, amezaliwa, unamwona. Akasema, "Namwona, bibi, lakini sina pa kumpigia mhuri."

Mama alizaliwa Castelvento chini ya kaizari wa Austria, akaolewa chini ya mfalme wa Italia, akazeekea chini yenu, na hakuhama nyumba hata siku moja. Lazima kuna kitabu chenye jina lake. Nenda kakitafute. Sikuombi kingine.

Nerina

*

Castelvento
10 Julai 1949

Dada,

Nimekwenda ofisi ya kamati mara tano. Mara ya kwanza vitabu vilikuwa vimehamishwa. Mara ya pili vilikuwa vimerudi, ila mwenye ufunguo hayupo. Mara ya tatu karani aliniuliza kwa nini mwanachama anawahangaikia walioondoka. Nikamwambia huyo ni mama yangu. Akaliandika jibu hilo kwenye daftari lake. Mara ya nne hawakunipokea. Mara ya tano nilipiga meza, na sasa wamesema cheti kitakuwa tayari tarehe mosi Agosti. Nitakipeleka posta siku ileile, kwa mkono wangu.

Bruno alikuja tanurini wiki iliyopita. Hakukaa. Alinishauri nisimame mkutanoni Jumamosi niseme nilikosea lile swali langu. Nikamuuliza, "Bruno, niombe radhi kwa kuuliza?"

"Sema tu, Livio," akaniambia. "Ni maneno tu."

Jumamosi ilipita. Sikusema. Hili usimsomee mama. Mwambie cheti kinakuja.

Livio

*

Kambini
2 Oktoba 1949

Livio,

Agosti imeisha, Septemba imeisha. Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile yako. Kila siku nakwenda kwenye dirisha la posta ya kambi, na yule msichana siku hizi anatikisa kichwa kabla sijafika, ili kunipunguzia hatua.

Kama wamekunyima cheti, sema wamekunyima. Kama umeona haya kukiomba tena, sema. Nikijua, nitakwenda kumlilia padri, au daktari, au shetani mwenyewe. Lakini uliniambia tarehe, nami nikamwambia karani tarehe hiyo, naye akaweka jina la mama kwenye orodha ya milimani. Juzi amelifuta. Kitanda kile amepewa mwingine.

Mama anaomba barua zako. Nimeishiwa cha kumwambia.

Nerina

*

Kambini
8 Januari 1950

Kwa Livio Sponza,

Mama amekufa tarehe kumi na tisa Desemba. Tumemzika kwenye makaburi ya mji huu, upande wa wageni.

Mpaka jana nilikuwa nikikutafutia visingizio: posta, mpaka, ugonjwa. Nimechoka. Ulikuwa na kazi moja, Livio, karatasi moja. Nchi ulizijenga, mabwana ukawang'oa, na mama yako ulishindwa kumtolea kipande cha karatasi. Alikuulizia mpaka siku ya mwisho. Nilichomjibu sitakuambia, hukistahili.

Sina ndugu tena. Huko kwenu kila mtu ni ndugu, ndugu katibu, ndugu karani, isipokuwa wa damu yako. Kaa nao.

Nerina Sponza

*

14 Machi 1950

Dada Nerina,

Mimi ni mzima. Ninafanya kazi ya mawe. Hewa ni safi na chakula kinatosha. Nimetambua makosa yangu na Chama kinanisaidia kuyarekebisha. Usitume kitu chochote. Msalimie mama.

Livio Sponza

*

Kambini
11 Aprili 1950

Nimepata kadi yako ya penseli, mhuri umefutika, mahali hakuna. Nimeisoma mara kumi.

Hewa safi. Nimefurahi kusikia. Mama angeipenda hewa safi. Unafanya kazi ya mawe, wewe mwokaji, bila shaka wamekupa usimamizi wa ujenzi wa jumba fulani la wakubwa, na huna nafasi tena ya mkate wa mahindi. Na umetambua makosa yako. Lipi, Livio? La cheti?

Na halafu "Msalimie mama." Nilikuandikia Januari kwamba amekufa. Ama hufungui barua zangu, ama unazifungua na kucheka. Nimejaribu kupata maana ya tatu, sikuipata.

Usiniandikie tena.

N.

*

Kambini
9 Februari 1951

Livio,

Niliapa sitakuandikia. Naivunja ahadi hiyo kwa sababu ya mama, si kwa sababu yako.

Umesikia, au hukusikia, kwamba wamefungua tena nafasi ya kuchagua uraia, kwa wale waliokosa mara ya kwanza. Mlango unafungwa tarehe kumi na moja Machi. Kuandika jina ni siku moja. Nimepata kazi kwa fundi mmoja hapa mjini, na mtaa wa nyuma kuna mwokaji mzee asiye na mtoto, nimeshazungumza naye. Anasema ukija na mikono miwili inatosha.

Sijakusamehe. Nasema tu njoo, tugombane uso kwa uso kama watu. Kugombana kwa barua kunanimaliza. Andika jina lako, Livio. Jina tu.

Nerina

*

Trieste
6 Mei 1951

Mpenzi Nerina,

Mimi ni Ines Budicin, mjane wa dirisha la mkabala na tanuri. Mama yako alikuwa akiniazima sufuria ya jamu, Mungu amrehemu. Mimi nami nimechagua kuondoka na nimevuka juzi, na jambo la kwanza ninalofanya ni hili, maana kutoka kule kila barua ilikuwa inafunguliwa, na nilikuwa naogopa.

Livio hayupo Castelvento. Hayupo tangu tarehe mosi Agosti, mwaka wa arobaini na tisa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wamejaa uwanjani. Alitoka ofisi ya kamati na bahasha mkononi akawa anavuka kwenda posta. Anachekacheka peke yake. Wanaume wawili wakaja wakamshika, mmoja huku, mmoja huku. Hakupigana. Bruno Malusà alikuwa amesimama mbele ya mkahawa, na walipompitisha hapo nilimsikia mdogo wako kwa masikio yangu. Alisema, "Bruno, nipelekee hii posta, ni ya mama." Bruno akaipokea. Sisi wengine tulitazama chini. Na mimi pia, Nerina, nilitazama chini.

Ni kwa sababu ya lile swali lake la mkutanoni. Wamechukuliwa wengi waliosema maneno ya namna hiyo, na wengi wao ni wapiganaji wa msituni. Miezi mitatu baadaye wakamchukua Bruno naye. Wanasema kuna kisiwa cha mawe matupu, wanabeba mawe huku na kurudi. Hakuna anayejua zaidi, na anayejua hasemi.

Barua zako tarishi alikuwa akizisukuma chini ya mlango wa tanuri. Mlango una lakiri ya serikali, hakuna aliyethubutu kuugusa. Nilikuwa naziona kwenye upenyo wa chini, zinaongezeka.

Nisamehe kwa kuchelewa.

Ines

*

Kambini
20 Mei 1951

Livio, mdogo wangu,

Kama utarudi na kuipata hii, nakuomba uisome kabla ya nyingine yoyote.

Mama amekufa, tarehe kumi na tisa Desemba mwaka wa arobaini na tisa. Nalisema hapa mwanzo ili usilikute kwenye barua nyingine, nilikolisema vibaya.

Ines ameniambia. Sikujua. Nimekaa miaka miwili hapa nikiwa na hasira na mtu aliyekuwa akibeba mawe. Nimekwenda ofisi zote za mji huu kuuliza habari zako. Moja wanasema wewe ni raia wa kule, hawahusiki. Nyingine, ya wakomunisti wa hapa, wanasema walioshikwa kule wana lao, na mkimbizi kama mimi hana haki ya kuuliza habari za mpiganaji. Kwa hiyo umekuwa mwana wa watu wote, na hakuna anayekutaka.

Barua zangu nyingine zichome. Usizifungue. Tanuri unalo.

Dada yako,
Nerina

*

Castelvento
13 Januari 1952

Dada Nerina,

Nimerudi tangu Novemba. Nilikokuwa, siwezi kukueleza. Nimetia sahihi kwamba sitasema, kwa yeyote, milele, na kila Jumatatu naripoti ofisini waone kama bado sijasema. Hii inakuja na dereva anayekwenda Trieste, kwa hiyo nimeandika zaidi ya ninavyoruhusiwa, na bado si hata nusu.

Tanuri amepewa mtu kutoka mbali. Mimi navunja kokoto za barabara ya bondeni, maana wanasema mawe nimeyazoea. Watu wa mji wananiogopa kuliko nilivyokuwa nikiwaogopa wao. Nikiingia kwenye mkahawa watu wanakumbuka wana kazi nyumbani.

Huyu mwokaji mpya si mtu mbaya. Walipotoa lakiri aliziokota barua zako, akazipanga kwa tarehe kwa heshima kabisa, akaziweka kwenye mfuko wa unga, akanisubiri. Kwa hiyo nilizisoma kwa tarehe. Ile ya kuniambia nisizisome ilikuwa chini kabisa. Nilicheka, Nerina. Ilikuwa mara ya kwanza tangu sijui lini, na yule bwana akadhani nimepagawa.

Sikukasirikia maneno yako. Kama ningekuwa mimi kwenye lile dirisha la posta ningesema makali zaidi. Kinachonikasirisha ni kwamba sina mtu wa kumkasirikia. Cheti nilikuwa nacho. Nilikishika. Bruno nilikutana naye baadaye, mahali fulani. Tulikuwa tumebeba jiwe moja, yeye upande wake, mimi upande wangu, na sauti zetu zilikuwa zimeruhusiwa kwa kuhesabu hatua tu. Nikamuuliza kati ya hesabu. Akaniambia alikichana palepale uwanjani, kabla ya kufika kona, kwa kuwa aliona mtu anamtazama. Alikuwa analia huku anahesabu. Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Nilibeba upande wangu.

Na kadi ile si mimi niliyeitunga. Ilikuwa imeandikwa ubaoni, tunanakili. Nilichoongeza ni maneno mawili tu ya mwisho, na niliruhusiwa kwa kuwa hayana madhara.

Nimeomba pasi ya kuja kuona kaburi. Wamekataa, na wamenishauri nisiombe tena.

Sasa nataka kitu kimoja kwako. Niandikie mama alikufaje. Yote, na lile ulilosema sistahili kuambiwa. Mimi langu siwezi kulisema. Angalau mmoja wetu aseme.

Livio

*

Toscana
3 Februari 1952

Livio,

Nitasema, na usinikatishe, ingawa najua huwezi.

Alikufa Jumatatu, saa tisa alasiri, kitandani pake, nyuma ya blanketi. Nje kulikuwa na mchezo wa mpira wa watoto wa kambi na hakuna aliyewanyamazisha, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa wasinyamazishwe. Hakuumia sana siku ile. Wiki zilizotangulia ndizo zilizokuwa mbaya.

Na hili ndilo nililokuficha. Alikuwa hawezi kukaa bila barua yako. Mwezi Agosti nilimwambia posta imechelewa. Septemba nikamwambia mpaka umefungwa. Mwanzoni mwa Oktoba aliacha kula, akasema wamekuua na mimi namficha. Basi nikachukua karatasi ya kukatia mashati, nikaketi kando ya kitanda, nikamsomea barua yako. Haikuwapo. Nilikuwa naitunga huku naisoma. Akala supu.

Baada ya hapo nilinaswa. Kila Jumapili alitaka nyingine, na kila Jumapili nilikuwa nakaa mahali pa mtu niliyemchukia na kumsemea maneno matamu. Nilikupa ahadi ambazo hukuzitoa. Nilikufanya uwe mpole, mwenye kujuta. Ndiyo maana barua zangu halisi zilikuwa kali namna ile. Utamu wote ulikuwa umeishia kwenye zile za uongo.

Ya mwisho ilikuwa siku moja kabla hajafa. Nilisoma kwamba ulipata unga mweupe, ukamwokea mkate mzima, ukaubeba mpaka stesheni umpe mtu anayekuja Italia. Ukakuta treni imeondoka. Ukamtukana mkuu wa stesheni, ukaketi kwenye benchi, ukaula mkate wote peke yako kwa hasira, halafu ukarudi nyumbani tumbo linakuuma. Sijui nilikitoa wapi kisa hicho. Mama alicheka mpaka nikaogopa kifua chake. Akaishika ile karatasi ya mashati, akaipapasa kama anayetafuta mwandiko, akasema, "Huyu ndiye Livio wangu hasa."

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jiko la kambi, nikapasua kuni bila kuombwa. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa nimemdanganya. Haikuwa hiyo. Nilikuwa na hasira nawe mpaka kwenye mifupa, na bado nilijua neno kwa neno ungesema nini.

Dada yako,
Nerina